Mjadala: Sheria ya uwindaji ipime risasi au impime mpigaji?

Mlenga wa Kisesa

Wadau, habari za leo. Nauleta huu mjadala hapa kwa sababu juzi pale Magu tulikaa watu sita, wote wenye leseni, tukabishana mpaka usiku na hatukuelewana. Swali ni hili: raifo ya kaliba ndogo, yaani yenye mtutu mwembamba, ile isiyolipiga bega teke ukifyatua, ikubalike kuwindia mnyama mkubwa au isikubalike? Mimi nasema ikubalike, ila mpigaji apimwe kwanza. Wenzangu wanne waliniambia nawatafutia watu kifo.

Nianze na kilichonifikisha huku. Mara ya kwanza nilipopata kibali cha pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, upande wa Simiyu, nilikuwa nimenunua bunduki nzito ya .375, yaani kaliba ya inchi 0.375, kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia bunduki ya mwanamume ni hiyo. Tangu niinunue nilikuwa nimefyatua risasi nane tu, maana risasi zake ni ghali, na kwa hizo nane bega lilikuwa limevimba. Yule pofu alisimama ubavu, kama mita themanini, anatafuna. Nikalenga nyuma ya bega, nikaanza kukaza triga, na mwili ukalikumbuka lile teke kabla halijaja. Jicho likafumba, mkono ukavuta chini. Risasi ikamwingia tumboni. Tulifuata damu mpaka giza likaingia, damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa. Tukalala porini. Kesho yake saa nne tulimkuta amelala chini ya mgunga, bado anapumua, anatutazama. Sijamsahau yule mnyama, na bunduki haikuwa na kosa lolote.

Teke la .375 ni takribani mara kumi ya teke la bunduki ndogo ya .223. Wapo walioumbwa na mabega ya kulipokea na wapo waliolizoea kwa miaka. Wengi wetu hatujalizoea, na tunaona aibu kulisema mbele ya wenzetu. Teke kubwa linainua mtutu, darubini inapoteza picha, ukirudisha jicho mnyama hayupo na hujui umempiga wapi. Kwenye bunduki ndogo unabaki unamwona. Unaona kama amepigwa mapafu au mguu, na risasi ya pili unaipeleka unakojua.

Anayedhani haya ni maneno ya vijana wa siku hizi amkumbuke Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi aliwaua kwa bunduki ya Mauser ya kaliba ya milimita 7. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Huyo alijua anachokilenga.

Kwetu hapa Tanzania, kwa nyati, simba na tembo, kanuni inataka kaliba isiwe chini ya .375. Sawa. Lakini nani amewahi kuniuliza mimi, Mlenga, kama naweza kupiga mita mia nisikose? Norwei, mtu anayetaka kuwinda mnyama mkubwa anafanya mtihani kila mwaka: risasi 5, umbali wa mita 100, zote ziingie mahali pa kuua. Akishindwa haendi porini mpaka afaulu. Nataka kitu cha namna hiyo hapa kwetu, halafu mtu achague bunduki anayoiweza. Karibuni.

Ng'wana Magu

Mimi ni mmoja wa wale wanne, na siondoki nilipokuwa nimesimama.

Mkuu, kuhusu Bell. Bell alikuwa akiishi na bunduki mkononi, miezi na miezi, anatembea kilomita nyingi kila siku. Alikuta tembo wengi, tena wa zama zile, akaamua yupi ampige na yupi amwache apite. Wewe una kibali cha mnyama mmoja na siku chache za likizo. Ukimwona kiuno tu kwenye majani marefu, nakujua, utapiga. Pia habari za Bell tunazo kwa sababu alirudi nyumbani. Walioenda na bunduki ndogo wakabaki huko hawakutuachia hesabu yao.

Kuhusu Norwei umechukua nusu ya sheria. Hao hao wanaofanya mtihani kila mwaka hawaruhusu mtu ampige yule kulungu wao mkubwa wa nchi za baridi mwenye pembe kama makoleo, Waingereza humwita elk, kwa risasi isiyofika gramu 9. Risasi ya .223 ni gramu 3.6, nzito zake zinafika 5. Kwa hiyo wanampima mpigaji na risasi wanaipima vilevile. Usituletee mtihani wao ukaiacha mizani yao kwao.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Siku mambo yakienda sawa, bunduki yoyote inaua. Kaliba kubwa tunaibeba kwa ajili ya siku mnyama amegeuka, amekuja kwa mbele, kuna mfupa wa bega kati yako na moyo wake.

Kirumba Mwaloni

Mniruhusu niseme dogo. Nimesikia watetezi wa kaliba ndogo wakieleza kwamba zile risasi zinaua kwa sababu zinapasuka vipandevipande ndani ya mnyama. Sawa, na vile vipande ni vya madini gani? Ni madini ya risasi yenyewe, yale mazito yenye sumu, na nyama ile inaliwa na watoto. Kama mtu anatetea bunduki ndogo, basi atetee na risasi ya shaba tupu, ile inayofunguka kama ua bila kuvunjika.

Nansio Kwetu

Shikamooni wakubwa. Mimi siwindi. Nalima nyanya na mchicha Ukerewe, hatua mia mbili kutoka majini, na ninyi mnazungumza pofu wa Simiyu kana kwamba mnyama mkubwa yuko huko tu. Huku kwetu mnyama mkubwa ni kiboko, na anakuja mwenyewe.

Mwaka juzi alikuwepo mmoja aliyekuwa akipanda usiku kula bustani. Tukatoa taarifa. Wakaja vijana wawili na SMG, zile bunduki za kivita, wakamvizia, wakapiga. Tulisikia milio mingi, siwezi kusema mingapi. Asubuhi kulikuwa na damu kwenye matete na mburuzo wa kuingia ziwani, wakatuambia amekufa, ataelea. Hakuelea. Baada ya wiki tatu alipanda tena, anachechemea mguu wa mbele kulia. Nyayo zake unazijua, tatu zimezama na moja imeburuza. Tangu hapo hakimbii tochi wala debe. Zamani ukipiga debe alikuwa anarudi majini. Sasa anasimama, anageuza kichwa, anakufuata. Jirani yangu mvuvi alipinduliwa mtumbwi mita chache kutoka ufukweni, akatoka na mbavu zimevunjika.

Wale vijana walirudi kwao siku ile ile. Sisi ndio tunaoishi na ile risasi yao. Kwa hiyo mkiulizana bunduki ipi haiumizi bega, mniulize na mimi.

Mjukuu wa Banunguli

Pole sana dada wa Nansio.

Naunga mkono mtihani. Babu zetu Wasukuma walikuwa na chama cha Banunguli, wawindaji wa nungunungu, waliokuwa wakitambaa shimoni kumfuata mnyama kwenye giza. Mtu hakuingia shimoni kwa sababu amenunua mkuki. Alifundwa kwanza na waliomtangulia. Leseni ya leo inatazama mfuko.

Bwana Nyama Mstaafu

Marahaba wanangu. Nimesoma yote. Nimefanya kazi ya wanyamapori muda mrefu, sehemu kubwa kandokando ya hili ziwa, na naona mnagombania tarakimu isiyostahili.

SMG iliyotumika Nansio ni kaliba ya milimita 7.62. Bunduki ya Bell ilikuwa milimita 7. Kwa kaliba peke yake, SMG ni kubwa kuliko ya Bell. Lakini risasi ya SMG ni gramu 8, fupi, imetengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Ya Bell ilikuwa gramu 11, ndefu, nzima, haifunguki wala haipasuki, inakwenda mbele tu kama msumari. Fuvu la tembo ndani ni kama sega la nyuki, mfupa una matundu, kwa hiyo msumari mrefu ulionyooka unafika kwenye ubongo. Kilichomfanyia kazi Bell ni kina cha kupenya pamoja na kujua mahali. Mtu akichukua .223 yenye risasi ya kupasuka halafu akajiita Bell, amefanya kinyume kabisa cha alichofanya Bell.

Sasa kiboko. Dume anapita kilo 1,500, ngozi yake peke yake inafika sentimita tano. Akiwa majini unaona macho, masikio na pua, basi. Shabaha ni ubongo, na ubongo wenyewe ni mdogo mno kwenye kichwa kile. Ukimpata sawasawa anazama papo hapo, unasubiri saa moja, wakati mwingine zaidi, mpaka gesi ya tumbo imwinue. Ukimjeruhi anazama vilevile. Kwa dakika zile za mwanzo mpigaji hana njia ya kutofautisha, na hapo ndipo vijana wanapowaambia watu ameshakufa wanapanda gari. Mimi nilikuwa nakaa ufukweni mpaka nimwone tumbo juu, hata ikibidi jua linizamie. Damu ya kwenye matete si ushahidi wa kifo.

Kwa hiyo msimamo wangu, Mlenga, ni huu. Swala na nyumbu, chukua bunduki ya teke dogo, milimita 6.5 au 7, risasi isipungue hizo gramu 9 za Norwei, na nitakusifia. Nyati na kiboko, .375 kwenda juu na risasi nzima isiyofunguka. Teke unalifundishwa. Mimi vijana wangu niliwaanzisha na bunduki ndogo kabisa ya .22 mpaka mkono utulie, ndipo nawapandisha. Aliyekuwa bado anafumba jicho sikumpa kubwa, nilimpa kazi ya kubeba tochi.

Mlenga wa Kisesa

Shikamoo mzee. Nashukuru, na kwenye kiboko nakuachia. Sikumfikiria kabisa nilipokuwa naandika. Nilimfikiria mnyama anayesimama ubavu kwenye uwanda, na dada wa Nansio amenionyesha kwamba jeraha ninalolisababisha mimi linaweza kulipwa na mtu ambaye hata hakuniona.

Lakini mtihani siuachi, na naona wewe mwenyewe mzee ulikuwa unaufanya bila kuandikiwa na mtu. Ng'wana Magu, hata wewe bunduki yako kubwa ulipoipeleka shabaha mwezi ule, matundu mawili kati ya matano yalikuwa nje ya karatasi. Nasema hivi kwa heshima, na nilikuwa na matatu nje mwaka wa pofu. Kanuni ingekuwepo, sote wawili tusingeingia porini mwaka ule.

Na Kirumba Mwaloni, nimekuelewa kuhusu shaba. Nakubali yote uliyosema.

Ng'wana Magu

Ni kweli, yalikuwa mawili. Mtihani nakubali. Kaliba ya chini kwa wanyama hatari ibaki ilivyo, hapo tusisogezane.

Nansio Kwetu

Mzee, shikamoo tena. Naomba kuuliza, huyu wetu anayechechemea tumfanyeje? Mvua zikianza anapanda kila usiku.

Bwana Nyama Mstaafu

Marahaba binti yangu. Nendeni tena kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mwende na mwenyekiti wa kijiji, na barua iseme wazi kwamba ni mnyama aliyejeruhiwa na tayari ameumiza mtu. Neno hilo lisikosekane. Waambieni waje na bunduki nzito na watu wasiopungua wawili wenye kuiweza, na wasiondoke mpaka mzoga uonekane. Mkiandika, elezeni njia yake: anapandia wapi, anarudia wapi, saa ngapi. Zile nyayo tatu na mburuzo mmoja piga picha asubuhi kabla ng'ombe hawajapita.

Mpaka wafike, msiteke maji kabla jua halijatoka, na bustani ya upande ule wa njia yake iacheni. Kiboko aliye nchi kavu ukisimama kati yake na ziwa anakupitia juu, hata mzima. Wavuvi wapitishe mitumbwi mbali na yale matete. Ukipata jibu la wilaya niandikie hapa hapa, kama wanahitaji mtu wa kuwaonyesha pa kukaa nitapanda kivuko nije.