Sweta la mtoto wa miaka 4: shingo haipiti kichwani, pindo linajikunja

mama_wawili
Habari za jioni wadau. Nafuma sweta la mtoto wa miaka 4, la baridi ya Juni huku Njombe. Uzi ni akriliki wa unene wa kati, sindano milimita 4, kifua chake sentimita 58. Mbele na nyuma vimefumwa kila kimoja peke yake vikaunganishwa. Shingo ukiitazama iko sawa ila haipiti kichwani, na pindo la chini linajikunja kwenda juu hata likipigwa pasi. Nifumue lote?

SindanoNne
Usifumue lote, dada. Na hiyo pasi weka pembeni kabisa: akriliki ikipata moto inalegea na hairudi tena.

Shingo ya sweta la kuvaa kwa kichwani hupimwa kwa kichwa. Mtoto wa umri huo kichwa kinacheza sentimita 50 hadi 51, kwa hiyo shingo ivutike mpaka 52. Mara nyingi kinachobana ni ule mstari wa mwisho wa kufunga vitanzi. Fumua huo tu, shika sindano ya milimita 5, ufunge hivi: fuma vitanzi viwili pamoja kwa kupitia nyuma yake, kile kimoja kilichopatikana kirudishe sindano ya kushoto, kifume pamoja na kinachofuata, endelea hivyo hadi mwisho. Ukingo utavutika. Ukiona bado, fungua mshono wa bega la kushoto uweke vifungo vitatu.

Pindo linajikunja kwa sababu umefuma laini tupu, yaani vitanzi vya kawaida upande wa mbele na vya kinyume upande wa nyuma. Mfumo huo hujikunja siku zote. Dawa yake ni ukingo wa kitanzi kimoja kawaida, kimoja kinyume, sentimita 4 au 5, kwa sindano ya milimita 3.25. Fumua mishono ya pembeni kidogo kule chini, kata uzi kwenye mstari mmoja juu ya pindo, okota vitanzi vilivyobaki wazi, ufume ukingo kushuka chini.

mama_wawili
Asante sana. Hapo pa kukata mkasi pananitia hofu, vitanzi havitakimbia?

SindanoNne
Pitisha kwanza sindano nyembamba kwenye vitanzi vyote vya mstari ulio juu ya utakaoukata. Hapo hakuna kitakachotoroka.

fundi_wa_masweta
Kwa sweta lijalo mimi ningeanzia shingoni, lote la mzunguko, maana unamjaribishia mtoto likiwa bado kwenye sindano, na mwakani unalirefusha kwa chini. Hesabu kwa kipimo cha vitanzi 22 kwa sentimita 10:

Anza na vitanzi 76 kwa mkono mlegevu, fuma ukingo wa shingo sentimita 2. Gawa: mbele 26, nyuma 26, kila mkono 12, alama kwenye kila mpaka. Ongeza kitanzi kila upande wa alama, yaani 8 kwa mzunguko, na katikati fuma mzunguko mmoja bila kuongeza. Fanya hivyo mara 16, utakuwa na 204. Fuma mizunguko minne bila kuongeza. Mikono (44 kila mmoja) iegeshe kwenye uzi wa pembeni, ongeza 8 kila kwapa; kiwiliwili kinabaki na 132, sawa na sentimita 60.

Ila hesabu hii inakufa usipofuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, ukakifua, kikakauka, ndipo ukapima katikati yake. Mkono wako ukitoa 24 badala ya 22, vitanzi vilevile 132 vinakupa sentimita 55, ambayo ni chini ya kifua chake. Ikitokea hivyo panda sindano ya 4.5 upime upya.

uzi_na_kitanzi
60 kwa kifua cha 58 naona ni ndogo, ndani kuna shati. Ningefanya mizunguko 17 ya kuongeza, inakuja 136, karibu 62.

fundi_wa_masweta
Sawa kabisa kwa baridi ya Njombe. Mikono nayo itapanda hadi 46.

uzi_na_kitanzi
Uzi nunua gramu 300 kwa mkupuo, na namba ya rangi kwenye lebo ifanane mabonge yote. Bonge la kuongezea baadaye huonekana mstari mzima kifuani.

mama_wawili
Sindano ya 4.5 haipo dukani huku, kuna 5 tu.

fundi_wa_masweta
Jaribu hiyo 5 kwenye kipande. Ikitoa 21, vitanzi 132 vya mizunguko ile 16 ni karibu sentimita 63. Endelea nayo.