Wazee wa Kilatino Marekani na ugonjwa wa kusahau: ni damu, ni sahani au ni maisha?

Mjukuu_wa_Pangani (mleta mada)
Wakuu, niko San Antonio, Texas, nahudumia wazee majumbani. Wengi wao ni Wamexico, wengine wamezaliwa hapahapa, wengine walivuka mto enzi hizo. Juzi tulipelekwa semina, tukaambiwa Walatino wazee, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wana uwezekano mara 1.5 ya Wazungu wa kuwa na dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau. Mtoa semina akaweka picha ya tortila, ile chapati yao ya mahindi, na chupa ya soda, watu wakacheka, akaendelea na mengine.

Mimi sikucheka. Wazee wangu wana sukari na presha, sikatai. Lakini wamechuma pamba na vitunguu tangu utotoni, shule wengi waliishia darasa la tatu au la nne, na bima wameijua walipotimiza 65. Sasa naomba mnisaidie, hatari hii iko kwenye damu yao, kwenye sahani, au kwenye maisha waliyoishi?

La pembeni: naona kama wanaoongea Kispania na Kiingereza wanachelewa kuharibikiwa. Basi sisi wa lugha tatu si tuko salama kabisa?

Lugha_Nne
Hapo mwisho umenifurahisha dada. Mimi nina Kidigo cha nyumbani, Kiswahili, Kiingereza cha shule na Kiarabu cha madrasa. Kuna utafiti wa Canada, Toronto kama sikosei, walikuta wenye lugha mbili wanachelewa kuonyesha dalili kwa miaka kama minne. Mimi nihesabieni kumi na miwili.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Toronto, 2007, ni kweli upo. Ila waliangalia watu waliokwisha fika kliniki, kisha wakauliza dalili zilianza lini. Sasa nenda New York, mtaa wa Washington Heights, kwa Wadominika, watu wa Jamhuri ya Dominika. Kule waliwafuatilia wahamiaji wanaoongea Kispania zaidi ya elfu moja, wengine kwa miaka zaidi ya 20, matokeo yakatoka 2014. Waliojua na Kiingereza walianza wakiwa na alama nzuri zaidi kwenye vipimo. Lakini kasi ya kushuka ilikuwa ileile, na dimenshia haikuwaruka. Anayejua Kiingereza mara nyingi ndiye aliyekaa darasani zaidi, kwa hiyo unaweza kudhani ni lugha kumbe ni shule.

Lugha_Nne
Utafiti mmoja haufuti mwingine. Halafu hao ni Wadominika, mimi ni Mdigo.

Kiroboto_wa_Arusha
Lugha nne na zote unazitumia kubisha.

Bosi_Mtulivu
Mbona kila mada ya Walatino lazima ianze na tortila? Mke wangu ni wa El Salvador. Mama yake tunaishi naye hapa Oakland, ana miaka 79, anakula pupusa, chapati nene za kwao, kila Jumapili, na anakumbuka nani hakuja kwenye ubatizo wa mwaka 1990 na kisingizio alichotoa. Mleta mada, kuosha wazee hakukufanyi mtaalamu wa ubongo. Osha, lipwa, nyamaza.

Mjukuu_wa_Pangani
Soma tena kaka yangu. Tortila aliweka mtoa semina, mimi ndiye niliyekereka.

Na ndiyo, naosha wazee. Aliyekuwa fundi bomba miaka yote ananishikia sabuni ananiuliza hiki kinatumika vipi, na mimi ndiye ninayeliona hilo kabla ya daktari wake ambaye anamwona robo saa kila baada ya miezi mitatu. Kama hilo halitoshi kuuliza swali, niambie wewe una cheti gani cha kumtukana mtu usiyemjua.

Kiroboto_wa_Arusha
Bosi Mtulivu, jina lako na maneno yako yaliachana lini?

Wa_Murang'a
Hii dharau ya kuosha wazee iishe. Pale kwetu kijijini nyumba za mawe, karo za watoto, hata ng'ombe wa gredi, ukiuliza pesa zilitoka wapi utaambiwa Dallas, Boston, Minneapolis. Watu wamebeba wazee. Tena wanaotukana kazi hii ndio wa kwanza kuuliza njia ya kuingia.

Bosi_Mtulivu
Sijatukana kazi, nimetukana ujuaji. Mimi mwenyewe naendesha lori, siendi kuwafundisha watu injini.

Wa_Murang'a
Lakini ukisikia injini inalia vibaya unajua. Hata yeye amesikia.

Mzee_wa_Takwimu
Kama mmemaliza kugawana kazi, turudi kwenye ile 1.5, maana hakuna aliyeigusa. Kaskazini mwa California kuna shirika kubwa la bima na hospitali, Kaiser. Walifuatilia wanachama zaidi ya laki mbili na nusu wenye miaka 64 kwenda juu, kuanzia 2000 hadi 2013. Dimenshia mpya kwa kila watu 1,000 kwa mwaka: Wamarekani weusi 26.6, Walatino 19.6, Wazungu 19.3, wenye asili ya Asia 15.2. Mlatino na Mzungu wanakimbia sako kwa bako. Hiyo mara 1.5 iko wapi?

Nadhani jibu ni kwamba watu wanachanganya wanaougua upya na walio na ugonjwa tayari. Watafiti haohao waliangalia mgonjwa anaishi muda gani baada ya kugunduliwa. Wazungu miaka 3 na kidogo, Walatino 4 na kidogo. Ukiishi na ugonjwa muda mrefu, siku wakija kuhesabu wanakukuta. Walatino wa Marekani kwa jumla wanaishi miaka mingi kuliko Wazungu pamoja na umaskini wao, hilo linajulikana tangu zamani. Kwa hiyo mtoa semina wenu ametisha watu bure.

Mjukuu_wa_Pangani
Hakutisha bure. Yule mama ana wazazi wake wawili na wote wanaumwa, ndiyo sababu anazunguka na semina. Nilimlaumu kwa picha, sikumwita mwongo.

Mzee_wa_Takwimu
Wala mimi sijamwita mwongo! Nimeleta namba nne, umechukua neno moja.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Mzee wangu namba zako nazikubali, ila angalia ni za nani. Hao wote walikuwa na bima, hospitali ileile. Wazee wa dada hapa walifika 65 bila kipimo cha presha hata kimoja. Ukinionyesha kuwa Walatino wenye bima wanalingana na Wazungu wenye bima, umenisaidia kusema si damu.

Na hivyo vipimo vya akili navyo. Kile kinachotumika sana kinakwambia toa 7 kwenye 100, toa tena 7, endelea. Halafu andika sentensi kamili. Mpe mzee aliyeacha shule darasa la tatu akachume vitunguu. Tena mpe kwa Kiingereza, mjukuu wa miaka 15 akitafsiri na simu mkononi. Atafeli akiwa mzima. Na kuna profesa mstaafu atapita huku mkewe nyumbani anajua kila kitu.

Lugha_Nne
Sasa umesema lugha ina maana!

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Lugha ya kipimo, mwenzangu. Ah.

Bosi_Mtulivu
Damu ipo jamani, tusidanganyane. Kule Colombia, Antioquia, kuna ukoo mzima unaanza kusahau kwenye arobaini. Yule daktari Francisco Lopera amewafuata miaka zaidi ya thelathini hadi amefariki 2024. Hao nao waliacha shule?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hiyo ni jeni moja ya ukoo huo, ukiirithi unaugua mapema karibu kwa hakika. Puerto Rico nao wana ya kwao ya aina hiyo. Wazee wa San Antonio si hao, wengi wanaanza baada ya 75 kama watu wengine. Jeni inayosemwa sana kwa wazee ni APOE4, na hiyo kwa Walatino mara nyingi ina nguvu ndogo kuliko kwa Wazungu. Inategemea asili ya kipande cha urithi kinachoizunguka. Kwa watu wa visiwa vya Karibi, Wadominika na Wapuerto Rico, kikiwa na asili ya Afrika, hatari yake inapungua.

Lugha_Nne
Sikilizeni hapo! Damu ya Afrika ndiyo kinga. Nilijua tu.

Mzee_wa_Takwimu
Umesoma namba zangu? Nani yuko juu kabisa? Wamarekani weusi, 26.6. Kama damu ya Afrika ndiyo kinga, hao wangekuwa chini. Kwa hiyo kuna kitu kinawapata nje ya damu kinachokula hiyo kinga na kuvuka.

Lugha_Nne
Sijui hayo mambo ya Amerika, mimi nasema ya damu.

Kiroboto_wa_Arusha
Naomba orodha ya vya kuepuka, nilale.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Ya jarida la kitabibu la Lancet, vitu 12, wanasema ukivishughulikia unazuia au kuchelewesha kama asilimia 40.

Mzee_wa_Takwimu
Hiyo ya 2020. Mwaka 2024 wakaongeza lehemu mbaya kwenye damu na macho yasiyotibiwa, vikawa 14, na asilimia 45. Sukari na presha vimo, unene umo, uziwi, kugongwa kichwa, upweke, hewa chafu, na cha kwanza kwenye umri mdogo ni kukosa shule. Tortila haimo. Kuwa Mlatino hakumo.

Mjukuu_wa_Pangani
Asante, hapo ndipo nilikuwa nalenga. Na muone, "Mlatino" lenyewe ni kapu moja. Nesi amesema Wadominika, Bosi ana Wasalvador, mimi nina Wamexico.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Ndiyo maana utafiti mmoja mkubwa wa Walatino zaidi ya 16,000 ulifanywa Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ili Mcuba asihesabiwe kama Mmexico. Waliporudi kuwapima akili waliofikia miaka ya makamo na uzee, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa ameanza kupungukiwa, hatua ya kabla ya dimenshia. Na sukari na mishipa ya moyo ilijitokeza hapo.

Wa_Murang'a
Kitu kimoja nawasifu hao watu, hawatupi mzazi. Nyumba ya wazee ni mwisho wa mwisho.

Mjukuu_wa_Pangani
Sifa hiyo inalipwa na nani? Nenda kwenye nyumba yoyote ninayohudumia, kuna binti mmoja. Kaka zake wako Houston, wanapiga simu Jumapili. Yeye ameacha kazi, hana akiba ya uzee, na sukari yake mwenyewe hapimi. Miaka ishirini ijayo ndiye mgonjwa wetu. Mnamsifu huku mnamtazama anazama.

Wa_Murang'a
Nimesifu familia, si kaka.

Bosi_Mtulivu
Mbona kaka wote wabaya? Mimi ni mkwe, ndiye ninayempeleka mama kliniki.

Mjukuu_wa_Pangani
Nani anamwogesha?

Bosi_Mtulivu
Mke wangu. Sasa mimi nimwogeshe mama mkwe? Tuheshimiane.

Kiroboto_wa_Arusha
Aah! Kumbe kazi ina wenyewe.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Bosi, uko California na mkeo anafanya bure? Kuna mpango wa serikali unaitwa IHSS. Mzee akiwa na Medi-Cal, bima ya serikali ya California kwa wenye kipato kidogo, na akapimwa kuwa anahitaji msaada nyumbani, anapangiwa saa, na anaweza kumchagua hata binti yake awe mhudumu wa kulipwa.

Wa_Murang'a
Kulipwa kumwosha mamako mzazi? Hapo mimi nashuka gari. Hiyo ni radhi mtu anajitafutia.

Mjukuu_wa_Pangani
Mimi nalipwa kumwosha mama wa mtu, ni sawa. Binti yake akilipwa, ni radhi. Nieleze taratibu.

Wa_Murang'a
Wewe ni kazi. Yeye ni mtoto.

Mjukuu_wa_Pangani
Mtoto halipi kodi ya nyumba?

Bosi_Mtulivu
Nesi, samahani, hapo kwenye IHSS. Ni binti tu au hata mkwe anaweza kuandikishwa?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hata mkwe. Ila ataosha.