Naomba ushauri: mhusika wangu ni mkimbiaji mwenye usonji, nani asimulie?

Mshika_Kalamu
Wakuu, salaam. Naandika riwaya na nimekwama katikati. Mhusika mkuu ni binti wa miaka 16, mkimbiaji wa mita 1500, mwenye kipaji ambacho kocha wake hajapata kukiona kwa mwingine. Ana usonji. Anaongea, ila kwa uchache, na akizidiwa maneno yanakata kabisa.

Msimulizi ni kaka yake. Waliosoma mswada wanampenda huyo kaka, wanasema upendo wake kwa mdogo wake unagusa. Lakini binti mwenyewe tunamwona kwa mbali tu. Kila mbio zikianza msimulizi yuko jukwaani amekunja ngumi, na mimi natamani niwe kule chini kwenye mstari. Je, binti ajisimulie mwenyewe? Mimi sina usonji, na naogopa kumsemea mtu ambaye maisha yake nayajua kwa kusoma.

Kuna mawili mengine. Msomaji mmoja kauliza kwa nini binti asishindane Paralimpiki, ile michezo ya wenye ulemavu, nikakosa jibu. Na riwaya inaishia anashinda fainali, kisha anamkumbatia mama yake kwa mara ya kwanza maishani. Hapo moyo wangu hautulii, na sijui kwa nini.

Bin_Riwaya
Baki na kaka, ndugu. Kazi ya msimulizi ni kuona, na kaka anaona. Ukiingia kichwani mwa binti utamtungia mawazo ya ajabu ajabu ili aonekane tofauti, na utapata mhusika bapa kuliko huyu uliye naye.

Kocha_Mkongwe
Fasihi nawaachia wenyewe. Nimefundisha riadha kwa miaka mingi, nitasema ya uwanjani.

Jiulize kwa nini mita 1500. Kwenye mita 400 kila mtu ana njia yake mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kumgusa mwenzake. Kwenye 1500 wanapangwa bega kwa bega kwenye mstari uliopinda, na mlio ukitoka wote wanagombea upande wa ndani. Viwiko vinapiga mbavu, spaiki za viatu zinachana miguu, pumzi za mtu unazisikia shingoni. Kama binti hapendi kuguswa, hapo una riwaya nzima. Mimi namwona akichomoka toka mwanzo na kukaa mbele. Watangazaji wanamsifu kwa ujasiri, kumbe mbele ndiko mahali pekee asikoguswa. Na anayeongoza ndiye anayewakatia wengine upepo, kisha kwenye mita 200 za mwisho wenye miguu mibichi wanampita. Kocha wake atamwambia atulie ndani ya kundi asubiri. Ni ushauri sahihi kwa mkimbiaji mwingine yeyote, na yeye hawezi kuufuata. Andika ugomvi huo.

Halafu kengele. Kengele ya mzunguko wa mwisho hupigwa pembeni ya njia wakati anayeongoza anapita. Akiwa mbele, inamlilia yeye sikioni.

Tena, kuanzia mita 800 kwenda juu hakuna ile amri ya "tayari" ya mbio fupi. Wanaitwa kwenye mstari, wanatulia, kisha mlio. Utatoka lini, anajua mwanzishaji peke yake. Na tangu 2010, kwenye mbio kama zake, anayeondoka kabla ya mlio anatolewa papo hapo bila onyo.

Sauti_ya_Chini
Nina usonji, niliujua ukubwani. Bin_Riwaya, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Kichwani mwangu hakuna mambo ya ajabu. Kuna mambo mengi kwa wakati mmoja, na hakuna anayenipangia lipi lije kwanza. Ile namba ya kifuani inashikwa na pini nne. Mwenzake akishaibandika anaisahau. Binti wako anasikia kila kona ya ile karatasi ikimkwaruza anapovuta pumzi, na papo hapo anasikia feni ya chumba cha kusubiria, na mtu anayefungua zipu ya begi, na bado anautaka ushindi kuliko wote waliomo humo. Andika hivyo. Mpe na wivu, mpe na hamu ya rafiki. Usimfanye mashine ya kuhesabu hatua.

Usiseme anakimbia vizuri kwa sababu ana usonji. Wengi wetu hatuna kipaji cha kutangazwa na hatudaiwi. Kasi itokane na mapafu, miguu na mazoezi yake.

Akizidiwa, usimwandike kama mtoto anayedeka. Anayedeka huchungulia kama unamtazama, na akipewa anachotaka ananyamaza. Aliyezidiwa hana anachodai, hajali nani yupo, na baadaye anakuwa hoi siku nzima.

Kuhusu kocha wa kwenye riwaya: Damian Milton, mtafiti ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili. Sisi hatuwasomi ninyi vizuri, nanyi hamtusomi. Waandishi wengi humpa mzigo wote mwenye usonji, yeye ndiye ajifunze. Kocha naye apate sura ya kukosea na kujifunza.

Na lile kumbatio. Kurasa zote kaka ametuambia mdogo wake hapendi kukumbatiwa. Ukurasa wa mwisho unambadilisha ili sisi wasomaji tufurahi. Abadilike mama. Asimame hatua mbili kando, amshikie chupa ya maji, asubiri.

Mama_Wawili
Naunga mkono la chupa ya maji, limenigusa kweli. Wa kwangu wa pili ana usonji. Njaa, kiu, hata maumivu, mwili wake unamwambia kwa kuchelewa, na wakati mwingine haumwambii kabisa. Kwa mwanariadha hilo ni jambo zito: mfupa wa mguu unaweza kupata ufa naye akasema hajambo, akaendelea na mazoezi. Kocha akimuuliza "unaumwa?" hatapata kitu. Akimuuliza "mguu upi una joto zaidi?" huenda akajibiwa.

Swali langu ni hili: binti aligunduliwa lini, na nani? Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943 aliandika juu ya watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Picha ya mvulana ikaganda. Wasichana wengi hujifunza kuwaiga wenzao na kujificha, wanagunduliwa wakiwa wakubwa au hawagunduliwi. Kama wako alijulikana akiwa na miaka mitatu, sawa, ila tuonyeshe aliyemwona.

Mfuatilia_Mbio
La Paralimpiki: hakuna daraja la usonji peke yake. Lililopo ni T20, daraja la wenye ulemavu wa akili, na lazima ulemavu huo uthibitishwe. Hilo lina historia chungu. Sydney 2000 timu ya kikapu ya Hispania ilitwaa dhahabu, ikabainika wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Wanamichezo wote wenye ulemavu wa akili wakaondolewa, hata wasio na hatia, wakarudi London 2012. Kama binti hana ulemavu huo, atakimbia na kila mtu.

Mshika_Kalamu
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeamua hivi: sura za nyumbani anabaki nazo kaka, sura za mbio anasimulia binti. Fainali ataongoza mpaka kengele. Kama atashinda sijui tena, na nadhani ni vizuri nisijue kwanza. Kumbatio nimelifuta. Mama_Wawili, swali lako limenipa sura mpya: aliyemgundua ni mwalimu aliyeona anavyojificha chooni kila mapumziko.

Sauti_ya_Chini, ungekubali kuzisoma sura za mbio kabla sijampelekea mhariri? Nitakulipa kama msomaji yeyote wa mswada.

Sauti_ya_Chini
Nakubali. Nitumie faragha, sura moja moja. Niambie mapema unataka niangalie lugha au nimwangalie binti, kwa sababu siwezi yote mawili kwa usomaji mmoja. Anza na ile ya chumba cha kusubiria.