Tupeane uzoefu: kazi za kufundisha na utafiti vyuoni Uganda, uliingiaje?

Kijana wa Wandegeya: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nina uzamili, na kila tangazo la wahadhiri wasaidizi likitoka nyumbani wanaanza kuniita mwalimu. Mlioingia, mlipitia mlango gani?

Dada wa Mwaloni: Mimi nilipitia dodoso. Mradi wa afya ulitafuta wasaidizi wa utafiti kwenda mialo ya Ziwa Victoria. Dodoso lilikuwa la Kiingereza na Kiluganda, ila pale mwaloni kuna wavuvi wa kila kabila, na wengi niliowakuta walinijibu kwa Kiswahili. Swali la "umelala nje ya kaya usiku ngapi" halikueleweka kabisa. Mvuvi analala ziwani, kaya yake ni ipi? Nikaliandika upya usiku, mtafiti mkuu akalipenda, kazi ya wiki chache ikawa mkataba. Lakini Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mkataba ukakatika katikati. Siku hizi kabla ya mshahara nauliza: fedha za nani, zinaisha lini?

Mzee wa Maabara: Pole, binti yangu. Ndiyo maana nawaambia vijana wasidharau fedha za ndani. Makerere ina mfuko wa utafiti, Mak-RIF, unaopata fedha za serikali tangu 2019. Huko wanaomba kwa timu, kwa hiyo jisogeze kwa watafiti mapema. Tangazo likishatoka timu zimejaa. Na kwenye andiko lako la utafiti tenga muda wa vibali: kamati ya maadili kwanza, halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Nimeona watu wamekodi gari la kwenda Karamoja kibali hakijatoka. Gari linalipiwa likiwa limeegeshwa.

Mwalimu wa Lugha: Upande wa Kiswahili, baraza la mawaziri lilipoidhinisha kiwe lugha rasmi Julai 2022, nilidhani ajira zitamiminika. Nilichopata ni vipindi vya muda katika chuo binafsi, malipo kwa saa, na pesa ya muhula wa kwanza ikaja wa pili ukielekea mwisho. Niliendelea kwa sababu barua ya kufundisha chuo ina uzito kwenye usaili. Makala iliyochapishwa ina uzito zaidi, tusidanganyane.

Mtanzania wa Mutukula: Wenye shahada za nje ya Uganda, peleka vyeti NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, vilinganishwe mapema. Usisubiri uitwe usaili.

Kijana wa Wandegeya: Asanteni sana. Dada wa Mwaloni, ile kazi ya dodoso uliiandikaje kwenye wasifu? Chini ya lugha?

Dada wa Mwaloni: Hapana kaka, chini ya utafiti: kutafsiri dodoso, kulijaribu kwa wahojiwa, kulirekebisha. Na mtafiti mkuu nikamweka mdhamini, baada ya kumpigia simu kumwomba ruhusa.