Marufuku ya kompyuta Tanzania 1974: tulijiponza au tulijiokoa?

Kitochi
Wadau, kijana mmoja kazini kaniuliza kwa nini kwenye kompyuta tumechelewa. Nikamwambia kawaulize waliozipiga marufuku. Hakuamini! Serikali iliweka kompyuta Wizara ya Fedha miaka ya 60, baadaye mahesabu yakavurugika, 1974 ikakataza kuingiza kompyuta nchini. TV nazo zikakumbwa humo humo. Yaani tairi limepata pancha, tukafukia barabara. Nchi nzima tukakaa gizani mpaka miaka ya 90. Halikuwa kosa hilo?

Mstaafu Mtata
Taratibu, mwanangu. Kompyuta ya 1974 si hiyo unayopakata. Inajaza chumba, haiishi bila kiyoyozi, vipuri vyake ni pesa za kigeni, na mafuta ndiyo kwanza yamepanda. Kompyuta ndogo za mtu binafsi, Altair imetoka 1975, IBM PC 1981. Sasa uliyoikosa wewe ni ipi? Mimi nilitoboa kadi, zile za matundu za kulishia mashine hesabu, kwenye shirika moja, silitaji. Mwenzangu akateleza ngazini na boksi zima. Kadi hazina namba! Tulikesha siku mbili tunazipanga, mishahara ikachelewa, na lawama tukabeba sisi, si mashine.

Bint Ng'ambo
"Nchi nzima" ipi? Zanzibar tulikuwa na televisheni miaka hiyo hiyo, tena ya rangi. Bara mmeipata 1994. Msitutie kwenye giza lenu.

Kitochi
Dada, mada ni kompyuta.

Bint Ng'ambo
TV umeitaja wewe, mie sijaitaja.

Jirani wa Namanga
Kenya TV tangu 1962. Nawasalimu tu.

Bint Ng'ambo
Nyeusi na nyeupe. Ya rangi je?

Jirani wa Namanga
Ilikuja. Hatukuwa na haraka.

Sahihisha
Ya Zanzibar ni 1973 au 1974? Maana wengine humu wataandika Karume ndiye aliyeiwasha, na mzee alishauawa Aprili 1972.

Bint Ng'ambo
73 au 74, kwenu ilikuwa sifuri.

Mpiga Debe
Rangi ya kuangalia hotuba na gwaride! Stesheni moja, halafu mtu anajidai.

Bint Ng'ambo
Hiyo hiyo moja ndiyo ilijaza ukumbi wa bibi yangu, sisi watoto sakafuni, wakubwa wamebanana dirishani. Msomaji habari akitokea bibi anavuta kanga kichwani: "Yule mwanamme anatutazama." Wewe usiku huo ulikuwa unatazama nini, Mpiga Debe? Koroboi?

Mpiga Debe
Bibi yako tumwache. Ila koroboi haikatiki matangazo.

Mstaafu Mtata
Makaburu na utajiri wao wote walikataa TV mpaka 1976. Lakini kompyuta walikuwa nazo, na walizitumia kuandikisha watu kwa rangi ya ngozi. Kitochi, hao nao utasema walitangulia? Nijibu hilo.

Jirani wa Namanga
Mpiga Debe, koroboi yenu ni ipi? Sisi twaita koroboi pia, nataka kujua kama ni ile ile ya mkebe.

Mpiga Debe
Ile ile. Ya mkebe wa maziwa, utambi wa kitambaa.

Kitochi
Jamani, swali langu limeishia wapi?

Mpiga Debe
Limeteleza ngazini na kadi za mzee.

Bint Ng'ambo
Na ile "nchi nzima" hujaifuta bado, Kitochi. Nangoja.