Naombeni ushauri: nataka kuchapa riwaya yangu mwenyewe, nimechoka kusubiri

Wakuu habari za muda huu. Nina riwaya ya upelelezi imekamilika, mambo yanatokea Kariakoo na bandarini, nimeipeleka kwa mchapishaji mmoja hapa Dar kila nikiulizia naambiwa subiri kamati isome, halafu eti hadithi haiuziki mpaka kiwe kitabu cha shule. Mi nakataa, watu wanasoma bana, angalieni hizo simulizi za WhatsApp watu wanalipia kwa simu ndo watumiwe sehemu inayofuata. Na marehemu Ben Mtobwa, yule mwandishi wa riwaya za upelelezi, si alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na vitabu vyake vilisomwa kweli kweli.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, najua inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hakimiliki nasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, hapo sina shida. Kinachonichanganya ni uchapaji. Ofseti, ile ya mashine kubwa zinazochapa kwa pleti (bamba zenye kurasa za kitabu), bei ya kopi inashuka ukichapa nyingi maana pleti unalipia mara moja tu, ila hela ya kopi elfu moja sina, dijitali, ile inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta bila pleti, naweza kuanza na hamsini lakini kila kopi inakuwa ghali na mwenye duka naye anataka chake. Sasa nianze kuiuza vipande vipande WhatsApp nipate mtaji, au nikifanya hivyo nakuwa nimeua soko la kitabu chenyewe? Na mhariri mzuri wa riwaya mnampataje, maana sitaki kabisa kutoa kitu kibovu. Mliopita njia hii nisaidieni jamani.