Mrejesho: masaji kabla na baada ya Kili Marathon

Wakuu, niliuliza kama kuchuliwa misuli kunasaidia kabla na baada ya zile kilomita 21 za Moshi. Asanteni kwa ushauri, majibu haya hapa.

Kukandwa kwa nguvu nilimaliza mapema wiki ya mbio. Siku ya kuamkia mbio ilikuwa kupapaswa tu, mafuta kidogo mapajani na kwenye vigimbi. Kasi haikuongezeka hata chembe, ila miguu ilikuwa myepesi.

Faida niliiona baadaye. Watu wanaogopa kupanda Mweka, kile kilima cha kwenye njia ya mbio, kumbe kushuka ndiko kunakoua mapaja, maana misuli inafunga breki kila hatua. Jioni mchuaji alipogusa juu ya goti niliruka kitandani! Akaendelea taratibu, na usiku nikalala vizuri. Maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio, kwa hiyo masaji nzito nilisubiri yapoe kwanza.

Aliyesema masaji "inatoa asidi" kwenye misuli, hapana mkuu. Lakteti, ndiyo hiyo watu wanaiita asidi, huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi. Masaji inapunguza maumivu, tena kiasi tu.

Mwenye goti lililovimba aanzie kwa daktari.